Kila Mmoja na Kidaka Chake

Ukiifuata barabara ya changarawe inayopanda kaskazini mwa Alaska, ukavuka safu ya milima ya Brooks, miti inaisha. Siyo kwamba inapungua pole pole kama ukitoka Limuru kuteremka Bonde la Ufa. Inaisha. Mbele yako ni vilima vya chini vilivyofunikwa na mimea ya kufika gotini, rangi ya kahawia na kijani, na bomba la mafuta linalokwenda sambamba na barabara kama jamaa asiyetaka kukuacha. Hapo, kwenye latitudo ya digrii 68, kuna ziwa linaloitwa Toolik, na kando ya ziwa kuna kituo cha utafiti.

Mwaka wa 2002, jarida la Nature lilichapisha ripoti fupi kutoka hapo. Mwandishi wake wa kwanza ni Robert McKane. Swali lake ni lile mtoto angeuliza: kuna mimea mitano hapa, yote inategemea udongo mmoja, na udongo wenyewe ni maskini. Chakula hakitoshi. Sasa kwa nini mmoja haujaifukuza mingine?

Kama unaona swali halina uzito, ngoja kidogo. Zaidi ya karne moja ya sayansi ilikuwa imesema kwamba lazima mmoja ashinde. Na wazo hilo halikubaki maabara. Lilitoka nje likatembea, likaingia kwenye sera za ardhi, kwenye vitabu vya biashara, na kwenye vinywa vya watu wazima wanaowaambia vijana kwamba soko limejaa, nafasi ni moja, na usipomsukuma mwenzako utasukumwa wewe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, siku hizi naandika na kulipwa kwa makala, kwa hivyo sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu. Nilitaka kujua imetoka wapi.

*

Tuanze na chakula chenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, wasomi wengi wa kilimo Ulaya waliamini kwamba mmea hula mboji, yaani ule udongo mweusi wa majani yaliyooza. Mwaka wa 1840, mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliandika kitabu kilichoivunja imani hiyo. Mmea, alisema, hauli uozo. Mmea hula madini rahisi yaliyoyeyuka majini. Pia aliieneza kanuni ambayo Mjerumani mwingine, Carl Sprengel, alikuwa ameieleza mwaka wa 1828: mmea haukui kwa wingi wa ulicho nacho, unakua kwa kiasi cha kile kilichopungua zaidi. Uwe na maji, jua na kila kitu, ukikosa naitrojeni umekwama hapo.

Liebig alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na dunia inayokula mahindi ya mbolea ni dunia yake. Ndiyo maana sekondari tulichora ule mzunguko wa naitrojeni wenye mishale: jani linaoza, bakteria wanageuza uozo kuwa amonia, wengine wanaigeuza kuwa naitreti, na mwishoni kabisa mzizi unapata zamu yake. Kwenye mchoro ule mmea uko mwisho wa foleni, unasubiri kuletewa. Shika picha hiyo, tutairudia.

Wakati Liebig akiandika, Mwingereza mmoja mwenye shamba na pesa, John Bennet Lawes, alikuwa akijaribu mbolea kwenye ardhi yake ya Rothamsted, kaskazini mwa London. Mwaka wa 1856 yeye na mkemia Joseph Henry Gilbert walichukua uwanja wa nyasi za kukatia mifugo, wakaugawa vipande, na kila kipande wakakipa mbolea yake. Kimoja kilipata chumvi za amonia, kingine fosfati, kingine mchanganyiko, na vingine havikupata kitu. Lengo lilikuwa la kawaida, kujua ni mbolea gani inaleta nyasi nyingi.

Nyasi nyingi zilipatikana, lakini kukatokea jambo ambalo hawakulitafuta. Ndani ya miaka michache vipande vilianza kutofautiana kana kwamba mtu alikuja usiku akapanda mbegu tofauti. Jaribio hilo bado linaendelea hadi leo, na tofauti imekuwa kubwa zaidi. Vipande visivyopewa kitu vina spishi zaidi ya 30: nyasi, maua, mimea ya jamii ya kunde, kila kitu kikiwa kifupi na kimechanganyika. Vipande vilivyopewa amonia mwaka baada ya mwaka bila chokaa vimebaki na spishi moja, mbili, labda tatu. Kwa upande mmoja ni kwa sababu mbolea ile ilifanya udongo uwe na asidi kali. Lakini hata pale ambapo asidi ilidhibitiwa kwa chokaa, vipande vilivyoshiba viliishia kuwa na wakazi wachache kuliko vilivyokuwa na njaa.

Udongo uliokosa ulikuwa na wengi, uliopewa ukabaki na wachache. Sayansi ilikuwa na jambo hili mikononi tangu enzi ya Malkia Victoria, na kwa muda mrefu haikujua ilifanyie nini.

*

Sababu moja ni kwamba macho yalikuwa kwenye pambano. Charles Darwin alikuwa amechapisha kitabu chake mwaka wa 1859, na maneno "vita vya kuishi" yakatoka kwa wanasayansi yakaenda kwa wanasiasa, wafanyabiashara na wakoloni, kila mmoja akayatumia alivyotaka. Si wote walikubali. Pyotr Kropotkin, mwana wa ukoo wa wakuu wa Urusi ambaye baadaye alikuja kuwa mwanaharakati asiyetaka dola yoyote, alizunguka Siberia akiwa ofisa kijana katika miaka ya 1860. Alikwenda akitarajia kuona wanyama wa jamii moja wakiuana kwa njaa na baridi. Anasema hakuona hivyo, aliona wakisaidiana. Kitabu chake kuhusu kusaidiana kilitoka mwaka wa 1902. Kilipendwa na wanaharakati, lakini wanabiolojia wengi walikiweka kando.

Walichokipokea kwa mikono miwili ni mirija ya Georgy Gause. Gause alikuwa kijana wa Moscow, na kitabu chake cha mwaka wa 1934 kilitoka kabla hajatimiza miaka 24. Alifuga viumbe wadogo wa majini wanaoitwa Paramecium, ambao huonekana kwa hadubini, na kuwalisha bakteria. Aina mbili, kila moja kwenye mrija wake, zilistawi bila shida. Akaziweka pamoja, chakula kile kile, maji yale yale. Baada ya wiki chache aina moja ikafutika.

Hapo ndipo penye ile sentensi. Mwaka wa 1960 Mmarekani Garrett Hardin aliipa kanuni hiyo jina na kuieneza: wawili wanaotegemea kitu kile kile kwa namna ile ile hawawezi kuishi pamoja daima, mmoja ataondoka. Miaka 8 baadaye, Hardin huyo huyo aliandika makala maarufu kuhusu malisho ya wote, akidai kwamba wafugaji wakiachiwa malisho ya pamoja lazima wayaharibu, maana kila mmoja ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Makala hiyo ilisomwa sana na wapangaji wa maendeleo, na hoja yake ikatumika dhidi ya wafugaji wa Afrika, wetu wakiwemo, ambao walikuwa wametunga kanuni za nani alishe wapi na lini kabla Hardin hajazaliwa. Elinor Ostrom alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi watu wa sehemu mbalimbali duniani wanavyosimamia mali ya pamoja bila kuiua, na mwaka wa 2009 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Lakini Hardin alikuwa ametangulia, na hadithi fupi hukimbia haraka.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba Gause hakuishia kwenye mrija ule mmoja. Alimleta Paramecium wa aina ya tatu, akamweka na mmoja wa wale wa kwanza, na wote wawili wakaishi. Mmoja alikula bakteria walioelea juu, mwingine alikula hamira iliyotuama chini. Mrija ule ule, lakini ndani yake mlikuwa na vyumba viwili. Gause aliona yote mawili, ushindi na ujirani. Vitabu vingi vya shule vilichukua ushindi.

*

Wanaekolojia wana neno kwa vile vyumba. Walilikopa kwenye ujenzi, kutoka lugha za Ulaya, na maana yake ya kwanza ni tundu lililochongwa ukutani la kuwekea sanamu au chombo. Mmarekani Joseph Grinnell alilitumia mwaka wa 1917 akimwelezea ndege mmoja wa California. Sisi neno hilo tunalo, tena lina umri mkubwa: kidaka. Ingia nyumba ya zamani ya mawe Lamu uone ukuta wa zidaka, safu juu ya safu, kila kimoja na bakuli lake. Ukuta ni mmoja, lakini vyombo havigongani, kwa sababu kila kimoja kimepewa tundu lake. Kidaka cha kiumbe ni hicho: mahali pake, saa yake, na chakula chake.

Kwa wanyama, vidaka vilionekana mapema. Mwaka wa 1958 Robert MacArthur alieleza jinsi ndege wadogo wa aina tano walivyokula wadudu kwenye miti ile ile ya misonobari kaskazini mashariki mwa Marekani. Mmoja alipenda ncha za matawi ya juu, mwingine katikati, mwingine karibu na shina chini. Kwetu pia limeonekana. Mwaka wa 2015 watafiti walichapisha matokeo kutoka Mpala, Laikipia, walikosoma DNA ya mimea ndani ya kinyesi cha wanyama saba, kuanzia ndovu hadi digidigi, pamoja na pundamilia wa aina mbili na ng'ombe wa Boran. Ukiwaangalia kwa mbali unaona wote wanakula majani tu. Kinyesi kilionyesha kwamba kila aina ina orodha yake ya mimea, hata wale pundamilia wawili wanaofanana.

Lakini mmea je? Ndege anaruka tawi hadi tawi, pundamilia anatembea. Mmea umekaa. Na mahitaji ya mimea karibu yote ni yale yale: jua, maji, hewa, na madini machache. Mwaka wa 1961 G. Evelyn Hutchinson wa Chuo Kikuu cha Yale aliuliza inawezekanaje mimea midogo ya majini ya aina nyingi iishi kwenye maji yale yale yenye virutubisho vichache. Kwa kanuni ya Hardin, ziwa lilipaswa kuwa na mshindi mmoja. Ukichota ndoo unakuta umati. Kwa mimea ya nchi kavu, jibu lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu chakula chake kiko chini ya ardhi ambako hakuna anayeona nani anakula nini.

*

Tundra ndipo mahali pa kuuliza swali hilo, kwa sababu pale umaskini hauna utata. Msimu wa kukua ni Juni hadi Agosti basi. Chini kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima, na kinachoyeyuka kiangazi ni tabaka la juu tu, mara nyingi chini ya nusu mita. Ndani ya tabaka hilo kuna naitrojeni nyingi, na huo ndio uchungu wenyewe. Imefungwa kwenye majani yaliyokufa ambayo baridi haiyaachi yaoze. Ni kama kuwa na akiba benki na benki inafunguliwa dakika kumi kwa wiki.

Watafiti walifika huko kwa mlango wa mafuta. Mafuta yalipatikana Prudhoe Bay mwaka wa 1968. Mwaka wa 1974 barabara ya kuhudumia bomba ilijengwa kwa takriban miezi mitano, jambo ambalo Mkenya yeyote anayesubiri barabara atalisoma mara mbili. Mwaka uliofuata, wanaekolojia wakatumia barabara hiyo hiyo kuanzisha kambi Toolik.

Swali la kwanza walilolibana lilikuwa lile la Liebig. Kuna mmea wa tundra unaoitwa Eriophorum vaginatum. Ni wa ukoo mmoja na ndago tunayoing'oa shambani na mafunjo ya Ziwa Victoria, ila huu huvaa kichwa cheupe kama pamba na hujenga kifundo cha majani makavu ambacho kinaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Hesabu zake hazikuwa zikijumlika. Ukipima amonia na naitreti zinazotolewa na udongo wa tundra kwa mwaka, hazitoshi kuulisha. Mwaka wa 1993 Terry Chapin na wenzake walionyesha kwamba mmea huu hunyonya asidi amino moja kwa moja, yaani vipande vya protini ambavyo havijamaliza kuoza. Tena uliukua vizuri kwa chakula hicho kuliko kwa madini. Walikadiria kuwa angalau asilimia 60 ya naitrojeni unayochukua porini inapatikana kwa njia hiyo.

Rudi kwenye ule mchoro wa mishale. Mmea huu haukai mwisho wa foleni. Umeingia jikoni. Na kama chakula kinaweza kuliwa kikiwa asidi amino, kikiwa amonia, au kikiwa naitreti, basi "naitrojeni" si sahani moja. Ni kadhaa.

*

McKane na wenzake wakaenda kuhesabu sahani. Walichagua mimea mitano inayokaa bega kwa bega Toolik. Wa kwanza ni Eriophorum. Wa pili ni jamaa yake, Carex bigelowii. Wa tatu ni Betula nana, mbetula kibete, ambao binamu zake kusini ni miti mirefu lakini wenyewe hapa ni kichaka. Wa nne ni Ledum, kichaka cha kijani mwaka mzima ambacho majani yake watu wa kaskazini huchemsha kama chai. Wa tano ni Vaccinium vitis-idaea, unaotambaa chini na kuzaa matunda madogo mekundu makali.

Kisha wakachukua naitrojeni nzito. Katika hewa ya kawaida, atomi chini ya 4 kati ya kila 1,000 za naitrojeni ni za aina hiyo, kwa hivyo ukiipenyeza ardhini halafu ukaikuta ndani ya jani, unajua imetoka kwenye sindano yako. Ni kama noti uliyotia alama ukiisubiri ijitokeze dukani. Waliipenyeza kwa sura tatu: glaisini, ambayo ni asidi amino sahili kuliko zote, amonia na naitreti. Kina kilikuwa viwili, sentimita 3 na sentimita 8. Wakati pia ulikuwa miwili, mwanzo wa msimu na mwisho wake. Ukizidisha unapata michanganyiko 12. Baadaye wakachimba wakaona nani amekula nini.

Kila mmea ulikuwa na mtindo wake. Ilitofautiana kwa sura ya chakula, kwa kina, na kwa wakati. Ukiijua miili yake, unaelewa kwa nini. Eriophorum huota mizizi mipya kila mwaka na kuishusha chini ikifuata barafu inavyoyeyuka, kwa hivyo inafika mahali ambapo wengine hawajafika. Ledum na Vaccinium hukaa juu juu, na mizizi yao imefunga urafiki na kuvu wanaoweza kuvunja uozo mgumu. Mbetula una kuvu wa aina nyingine. Wenye majani ya kudumu hawana haraka, wanaopukutisha majani wana haraka.

Mtu wa Nairobi hahitaji mchoro. Simama kando ya barabara yoyote yenye watu. Alfajiri pale pana mama wa uji na mandazi. Saa saba pana chapo na madondo. Jioni mwenye mutura anawasha jiko hatua tatu kutoka hapo, na kijana wa smokie na mayai anazunguka kati ya magari. Wateja ni wale wale na pesa mfukoni mwao ni zile zile kidogo. Asubuhi zote zikiwa na mama wa uji wanne mahali pamoja, wawili wataondoka kabla ya mwezi kuisha.

Lakini tusijidanganye kwamba tundra ni kijiji cha ujamaa. Ugunduzi wa pili wa McKane ni mchungu kidogo, na ndio uliofanya ripoti ile ikumbukwe. Mimea iliyotawala, yenye uzito mkubwa kuliko mingine, ndiyo iliyokula sura ya naitrojeni iliyokuwepo kwa wingi. Mimea michache ilikula sura zilizokuwa chache. Kwa hivyo kuna wakubwa na wadogo, na ukubwa unatokana na sahani uliyoishika. Kuwa na kidaka hakukuhakikishii kidaka kikubwa, ila mdogo pia anaishi, kwa sababu mkubwa hawezi kula vyote kwa njia zote kwa wakati mmoja.

Wala hakuna hisani hapo. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Mmea wa tundra haumwachii ndugu chochote. Unakula kile ambacho ndugu hakifikii. Wanaekolojia wengi wanaona kwamba mgawanyo kama huu ni makovu ya mashindano ya kale: waliogombania sahani moja waliumia, na waliobaki ni wazao wa wale walioelekea kwingine. Mara nyingine kuelekea kwingine kunatokea hata ndani ya maisha ya mmea mmoja. Kwenye milima ya Colorado, watafiti walikuta mimea inayobadilisha sura ya naitrojeni inayokula ikiwekewa jirani. Hardin hakukosea kabisa kuhusu ushindani, na Kropotkin hakukosea kabisa kuhusu ujirani. Wote wawili walidhani chakula ni kimoja.

*

Sasa turudi Rothamsted, ila kwa njia ya Alaska. Mwaka wa 1981, miaka mingi kabla ya sindano za McKane, kundi la Toolik lilianza kumwaga mbolea ya naitrojeni na fosforasi kwenye vipande vya tundra kila mwaka. Walitaka kujua nini kingetokea kama umaskini ungeondolewa.

Miaka michache ya mwanzo haikuonyesha mengi. Kisha mbetula kibete ukaamka. Mmea huu una kipaji cha kutoa matawi mapya haraka ukipata chakula, kuliko jirani zake wote. Ukarefuka, ukatandaza majani, ukafunika. Chini yake Vaccinium na Ledum zikafifia, kuvumwani zikapungua, na hata vile vifundo vya pamba vya zaidi ya karne vikaanza kushindwa. Mahali palipokuwa na jumuiya pakawa na kichaka.

Kwa nini? Fikiria kilichobadilika. Chakula kilipokuwa kidogo, pambano lilikuwa chini ya ardhi, na chini ya ardhi kuna kona nyingi: kina hiki na kile, sura hii na ile, Juni na Agosti. Mbolea ilifanya sahani zote zijae kwa wakati mmoja, kwa sura rahisi, kwa kila mtu. Hakuna tena faida ya kujua kula uozo au kushuka sentimita 8. Pambano likapanda juu, kwenye jua. Na jua linatoka upande mmoja. Aliye juu analipata kwanza, aliye chini anapata kivuli. Mwaka wa 2009 watafiti wa Zurich walilithibitisha kwa njia nzuri sana: walitia mbolea nyasi, halafu wakaweka taa chini, kati ya mashina. Pale penye taa, spishi hazikupotea kama zilivyopotea penye giza.

Kwa hivyo si wingi wenyewe unaoua ujirani. Ni wingi unaomwagwa kwa sura moja, na kubakisha mlango mmoja tu wa kugombaniwa.

Na hili halijabaki kwenye vipande vya majaribio. Ukanda wa Aktiki unapata joto haraka karibu mara nne kuliko wastani wa dunia. Joto linayeyusha, linaozesha, linafungua ile benki. Mbolea inakuja bila mtu kuimwaga. Kuna picha zilizopigwa kutoka ndegeni kaskazini mwa Alaska kati ya 1948 na 1950, wakati wa kutafuta mafuta. Miongo kadhaa baadaye watafiti walirudi wakapiga picha za mahali pale pale. Ukiziweka sambamba, unaona vichaka vimeongezeka mabondeni na kwenye miteremko.

Ungesema basi vizuri, mimea mikubwa itavuta kaboni kutoka hewani. Ndivyo wengi walivyotumaini. Mwaka wa 2004 Michelle Mack na wenzake walipima vile vipande vya Toolik baada ya miaka 20 ya mbolea. Juu ya ardhi, ukuaji wa kila mwaka ulikuwa umeongezeka maradufu. Chini ya ardhi, uozo wa kale ulikuwa umeanza kuliwa na vijidudu, na kaboni iliyotoka ilizidi iliyoingia. Kila mita moja ya mraba ilikuwa imepoteza karibu gramu 2,000. Udongo wa nchi zilizoganda za dunia una kaboni takriban mara mbili ya iliyo hewani sasa hivi. Hiyo si habari ya Alaska pekee. Mvua zinazokosekana Turkana na zinazozidi Budalang'i zinatoka kwenye hewa hiyo hiyo.

Nimesoma historia hii nikitafuta kosa kwenye ile sentensi ya soko limejaa, na nadhani nimeliona. Sentensi hiyo ni ya kweli ndani ya mrija wa Gause wenye chakula kimoja. Ni ya kweli ndani ya kipande chenye mbolea, ambako wote wanatazama jua moja. Tukiwa na aina moja ya cheti, mlango mmoja wa ajira, na mtaa mmoja wa kuanzisha biashara, lazima tukanyagane, na anayetuambia tukaze bidii zaidi anatuambia tu turefuke haraka kuliko jirani. Lakini mtu akisema kwamba hayo ni maumbile, kwamba maskini wakikaa pamoja lazima waumane, mwambie kuna ukurasa wa Nature wa mwaka 2002 unaomkatalia, na umeandikwa kwa naitrojeni.

Huko Toolik, kiangazi hiki kama vingine, barafu itashuka pole pole, na Eriophorum utashusha mizizi yake mipya kuifuata. Juu yake Vaccinium utakuwa unachukua kidogo chake, bila kujua kwamba chini yake kuna mtu anakula. Mita chache kutoka hapo, kwenye kipande kilichotiwa mbolea, mbetula umesimama peke yake ukiwa umenawiri sana.